Bima ya tetemeko la ardhi kwa nyumba yako: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yanahusu zaidi nyumba za kuishi Tanzania Bara, hasa mikoa ya magharibi na kusini magharibi. Msomaji wa Kenya ataona pia mahali ambapo mambo ni tofauti kwake.

Kwani huku kwetu kuna matetemeko ya kuhesabika?

Yapo. Tarehe 10 Septemba 2016, mchana wa saa tisa na nusu hivi, Kagera ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa upande wa Missenyi, kina cha kilomita 40 hivi, na lilisikika hadi Uganda na Rwanda. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Ukirudi nyuma utakuta makubwa zaidi. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Januari 1928 ilikuwa zamu ya Subukia, Kenya, kwa ukubwa wa 6.9. Machi 1966 Toro, Uganda, ilipoteza watu zaidi ya 100. Desemba 2005 likapiga la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika.

Tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lile linalopita maziwa ya Albert, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa, ndilo linalotikisika mara nyingi na kwa nguvu zaidi. Kigoma, Katavi, Rukwa, Mbeya na Songwe ziko juu yake au kandokando yake. Tawi la mashariki lina Natron, Manyara na Arusha. Bukoba, mji mkuu wa Kagera, angalia ramani, haiko juu ya tawi lolote kati ya hayo mawili, na bado ilipigwa. Kuwa mbali na mstari wa ramani kunapunguza hatari, hakuifuti.

Dar es Salaam nayo ilitikisika usiku wa 12 Agosti 2020, kwa tetemeko la 6.0 lililotokea baharini. Watu walishuka ngazi za maghorofa mbio, ila majengo yalibaki salama.

Bima ya tetemeko inauzwa peke yake?

Kwa nyumba za kuishi, kwa kawaida hapana. Ukienda kwa wakala ukaomba "bima ya tetemeko", atakuuzia bima ya moto na majanga mengine, au bima ya jumla ya nyumba na vilivyomo. Tetemeko linakaa humo kama mstari mmoja.

Ndiyo maana swali la kuanza nalo ni hili: je, huo mstari umo kwenye mkataba wangu au haumo? Bima ya moto ya msingi kabisa inabeba moto, radi na milipuko michache ya nyumbani. Tetemeko, dhoruba, mafuriko, fujo na gari kugonga ukuta ni nyongeza, na kila nyongeza inaandikwa kwa jina. Bima ya jumla ya nyumba, ile inayouzwa sana Kenya ikiwa na sehemu za jengo, vyombo na wafanyakazi wa nyumbani, mara nyingi inalo tetemeko tayari.

Wengi wanaouliza kama wakate bima ya tetemeko wanayo tayari na hawajui. Wengine wanadhani wanayo kwa sababu "nimekata bima ya nyumba", kumbe mkataba wao ni wa moto mtupu.

Nisome wapi ili nijue?

Chukua kurasa mbili. Ya kwanza ni jedwali la mkataba, lile lenye jina lako, anwani ya nyumba, thamani na ada. Tafuta orodha ya majanga au ya nyongeza. Kama tetemeko halikutajwa hapo, geukia ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Mkataba wa moto mtupu mara nyingi una sentensi inayokataa uharibifu uliosababishwa na tetemeko au mlipuko wa volkano, hata kama kilichounguza nyumba ni moto ulioanza baada ya mtungi wa gesi kuangushwa na mtikisiko.

Hapo ndipo penye mtego. Tetemeko linaharibu kwa njia mbili: kutikisa na kuwasha moto. Kuna mikataba inayolipa moto unaotokana na tetemeko lakini hailipi kuta zilizopasuka. Wewe unahitaji zote mbili, na maneno yote mawili yaandikwe. Usikubali "si tatizo, ipo" ya mdomoni. Omba barua au nyongeza ya mkataba yenye muhuri.

Kagua pia kama uzio, geti, tangi la maji na nyumba ndogo ya uani vimetajwa. Uzio wa matofali ndio unaoanguka mapema, na ndio unaosahaulika zaidi. Maporomoko ya ardhi na kudidimia kwa udongo ni janga jingine kabisa lenye mstari wake. Nyumba za mteremkoni, Bukoba zipo nyingi na Mbeya vilevile, zinauhitaji mstari huo pamoja na wa tetemeko.

Ada inakuwa kiasi gani?

Ada ni asilimia ndogo ya thamani unayoikatia bima. Asilimia yenyewe inategemea kuta, paa, mahali na kampuni, kwa hiyo chukua bei kutoka kampuni tatu. Hesabu inakwenda hivi: tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 90 na umetajiwa 0.2% kwa moto na majanga mengine. Ni shilingi 180,000. Ongeza VAT, tuseme ya 18%, yaani 32,400, unapata 212,400 kwa mwaka. Kama tetemeko linaongezwa kwa 0.05%, ni 45,000 nyingine kabla ya VAT.

Ukiona hivyo unaelewa kwa nini mstari wa tetemeko wenyewe sio unaoumiza mfuko. Kinachoumiza ni sehemu unayobeba mwenyewe siku ya hasara. Tutaifikia.

Jambo la kushika: ada ilipwe kabla ya kinga kuanza. Lipa kwa namba ya malipo au akaunti ya kampuni, si kwenye simu ya wakala, kisha hakiki mkataba wako kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mkataba usioonekana humo ni karatasi tu.

Niandike thamani gani ya nyumba?

Gharama ya kuijenga upya leo. Siyo bei ambayo ungeiuza, maana bei ya kuuza ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakianguki. Siyo pia fedha uliyotumia mwaka 2012, saruji na nondo zilipokuwa bei nyingine.

Njia rahisi: pima eneo la sakafu, zidisha kwa gharama ya sasa ya kujenga mita moja ya mraba kwa kiwango kilekile cha ukamilishaji. Mfano, mita za mraba 100 kwa shilingi 800,000 ni milioni 80. Ongeza gharama za kubomoa na kuondoa kifusi, ramani na kibali, tuseme milioni 10. Unafika 90. Mkadiriaji majenzi atakupa namba safi zaidi, na hati yake itakusaidia sana siku ya kudai.

Ukiandika pungufu ili ada ishuke, unajipunja mara mbili. Tuseme nyumba ya milioni 90 umeiandika 60. Tetemeko linakuharibia upande wa jikoni, hasara ya milioni 30. Unaweza kudhani 30 iko chini ya 60, kwa hiyo utalipwa yote. Sivyo. Kampuni inasema umekata bima theluthi mbili ya nyumba, basi itabeba theluthi mbili ya hasara: milioni 20. Kisha inatoa sehemu unayobeba mwenyewe. Ikiwa ni 2% ya thamani iliyokatiwa bima, ni milioni 1.2, unabaki na 18.8. Milioni 11.2 unazitafuta mwenyewe.

Uliza pia kama fidia ni ya kujenga upya au ni ya thamani iliyochakaa. Kwa paa la bati la miaka 15, tofauti yake ni kubwa.

Hiyo sehemu ninayobeba mwenyewe inafanyaje kazi?

Mawakala huiita eksesi. Kwa wizi au bomba kupasuka huwa ni kiasi kidogo kinachojulikana. Kwa tetemeko mara nyingi huandikwa kama asilimia, na hapa soma polepole: asilimia ya nini? Asilimia 2 ya *hasara* na asilimia 2 ya *thamani iliyokatiwa bima* ni vitu viwili tofauti.

Nyumba ya milioni 90, eksesi 2% ya thamani: milioni 1.8. Tetemeko dogo limekuachia nyufa za plasta, kioo kimoja na vigae vya bafuni, fundi anataka milioni 1.5. Hulipwi kitu. Kwa hiyo bima hii ni ya siku ukuta unapolala chini. Ukitaka ya kuziba nyufa ndogo, weka akiba, itakusaidia kuliko dai lolote.

Ulizia pia saa 72. Mikataba mingi huhesabu mitikisiko yote ndani ya saa 72 kuwa tukio moja, eksesi moja. Hilo ni kwa faida yako, maana tetemeko la maana hufuatwa na madogo kadhaa. Kama mkataba hauna kifungu hicho, kila mtikisiko unaweza kukatwa eksesi yake.

Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Watanikubali?

Baadhi ya kampuni zitakataa, nyingine zitakubali kwa ada ya juu. Nyumba za aina hii ndizo zilizoanguka kwa wingi Kagera. Tofali lenyewe ni gumu. Tatizo ni udongo kati ya tofali na tofali, haushiki ukuta unaposukumwa kwa ubavu.

Usifiche. Kwenye fomu ya maombi kuna swali la kuta na paa. Ukiandika "bloku za saruji" kwa nyumba ya tope, siku ya dai mtathmini ataokota kipande kimoja cha kifusi, akisugue kwa kidole gumba, udongo utamwagika, na dai limeishia hapo.

Basi fedha hiyo si bora niimarishe nyumba?

Kwa nyumba dhaifu, ndiyo, anza na kuimarisha. Bima hailipi maisha ya aliyelala ndani.

Kitu cha kwanza ni lenta ya mzunguko: mkanda wa zege unaozunguka kuta zote bila kukatika, juu ya milango na madirisha, na kama inawezekana mwingine pale kuta zinapokutana na paa. Mkanda wa kawaida ni upana wa ukuta, kimo cha sentimita 15 hadi 20, nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vinavyozifunga nondo hizo pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20. Kinachokosewa na mafundi wengi ni kona. Nondo zinakatwa zikifika konani, kila ukuta na zake. Nondo inatakiwa ikunjwe iingie kwenye ukuta wa pili, na ikiungwa na nyingine zilaliane sentimita 60. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege. Zikiachwa wazi, hufunguka mtikisiko unapokuja.

Cha pili ni pembetatu ya tofali juu ya ukuta wa mwisho, chini ya paa. Haina kitu kinachoishika kwa juu na hudondoka mapema, mara nyingi nje, palepale watu wanapokimbilia. Ibomoe, uzibe kwa mbao na bati. Ni kazi ya siku mbili.

Halafu kenchi zifungwe kwenye lenta kwa nondo au mkanda wa chuma. Dirisha au mlango mpya usitobolewe karibu na kona kuliko sentimita 60.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa kwa saruji na yenye lenta nzuri, mambo yanageuka: hatari ya kuanguka ni ndogo, ada ni ndogo, na bima ndiyo inayobaki kuwa na maana kwa ile hasara kubwa isiyotarajiwa.

Nina mkopo wa nyumba, benki inanikata bima kila mwaka. Si inatosha?

Omba nakala. Bima ya benki kwanza inalinda fedha ya benki. Thamani iliyoandikwa inaweza kuwa salio la mkopo, si gharama ya kujenga upya, na tumeshaona bima pungufu inafanya nini. Fidia pia hulipwa benki kwanza. Kama tetemeko halimo, iombe benki iliongeze, mara nyingi haigomi.

Mimi ni mpangaji.

Jengo ni la mwenye nyumba. Wewe kata bima ya vyombo tu, tetemeko likiwemo. Kama mali yako ni kitanda, sofa na runinga moja, sidhani inafaa. Kama una cherehani kumi za biashara au majokofu, hesabu upya, na umweleze wakala kuwa ni biashara.

Niko Muscat (au Toronto, au London), nyumba iko Bukoba na inakaa tupu.

Sema hivyo kwenye fomu. Mikataba mingi hupunguza kinga nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo, hasa kwa wizi. Kwa tetemeko tatizo ni jingine: nani atatoa taarifa kwa wakati? Mpe ndugu barua ya idhini na nakala ya mkataba kabla ya tukio. Dai lililochelewa miezi mitatu kwa sababu "mjomba hakujua namba ya mkataba" ni gumu kulitetea.

Kuta zina nyufa tayari. Nikate tu, nisiseme?

Sema, na uzipige picha. Kwa kila ufa, chora mstari mdogo wa penseli pale ncha zake zinapoishia, andika tarehe pembeni, weka rula juu yake na piga picha. Zitume picha hizo kwa barua pepe kwa kampuni na kwako mwenyewe, ili tarehe ibaki. Ufa ukipita mstari wa penseli baada ya tetemeko, una ushahidi ambao hakuna mtu atakayeubishia kirahisi.

Mtathmini anasema nyufa ni za msingi kutitia, si za tetemeko. Nimjibu nini?

Mara nyingine ana haki, kwa hiyo angalia mwenyewe kwanza. Ufa wa zamani una vumbi, utando wa buibui, wakati mwingine rangi iliyoingia ndani. Ufa mpya una kingo kali na ndani yake ni safi, unaonyesha tofali au plasta mbichi. Nyufa zenye umbo la X kati ya madirisha mawili ni alama ya ukuta uliosukumwa kushoto na kulia. Ufa wa wima konani, mpana juu na mwembamba chini, unaonyesha kuta zilizoachana. Ufa wa ngazi unaoanzia chini, upande mmoja wa nyumba tu, kweli mara nyingi ni msingi.

Ukiona ana makosa, leta mhandisi wako aandike ripoti, pamoja na picha za kabla. Taarifa ya tukio lenyewe ipo: Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao Dodoma, inafuatilia matetemeko, na USGS, shirika la utafiti wa jiolojia la Marekani, huweka wazi tarehe, saa na ukubwa wake.

Limepiga. Nifanye nini, kwa mpangilio?

Toeni watu, zima umeme kwenye meta na gesi kwenye mtungi. Msirudi ndani kwa ajili ya vitu, la pili laweza kuja dakika yoyote. Piga picha kutoka nje, kuta zote nne. Toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo kwa simu, kisha kwa maandishi. Soma mkataba uone ni siku ngapi unazo za kupeleka fomu. Chukua barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Funika paa lililofunguka kwa turubai na utunze risiti, kwa sababu mkataba unakutaka uzuie hasara isiongezeke. Lakini usibomoe wala kusafisha kifusi kabla ya mtathmini kufika. Kama ukuta unahatarisha wapita njia na lazima uangushwe, iarifu kampuni kwa maandishi kwanza, piga picha nyingi, weka kando tofali na nondo chache.

Andaa mchanganuo wa gharama kutoka kwa mafundi wawili au watatu, wenye vipimo: mifuko ya saruji, idadi ya tofali, mita za bati. "Kurekebisha ukuta, milioni 8" haimsaidii mtu.

Ukiletewa hati ya kukubali malipo, jua kwamba ukisaini umefunga dai. Nyufa nyingine hujionyesha wiki kadhaa baadaye. Usisaini mpaka fundi amepita nyumba yote na dari imekaguliwa kwa juu. Mkishindwana, andika lalamiko kwa kampuni, kisha nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au TIRA. Kenya ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Serikali si itatusaidia?

Itasaidia dharura: mahema, chakula, matibabu. Baada ya Kagera, Rais Magufuli alisema bila kuzunguka kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kipaumbele kikawa miundombinu ya umma. Mipango yako ianzie hapo.

Naweza kukata bima leo kwa kuwa jana limetikisika?

Unaweza kujaribu. Kampuni nyingi husimamisha kuongeza tetemeko eneo hilo kwa muda, au hutuma mkaguzi kwanza. Hasara ya jana hailipwi hata ukilipa ada leo asubuhi.

Sitaki bima yenye riba.

Tafuta takaful, yaani bima inayofuata sharia ya Kiislamu. Kenya imekuwa nayo kwa miaka kadhaa, na Tanzania imeshaanza kuipa leseni. Masharti ya tetemeko, eksesi na thamani yasome kwa jicho lilelile.

Kwa ufupi, nikate au nisikate?

Jiulize swali moja: nyumba ikianguka kesho, ninaweza kujenga nyingine bila kuuza shamba au kuwatoa watoto shule? Kama huwezi, na nyumba ni ya saruji yenye lenta, na uko Kagera, Kigoma, Rukwa, Katavi, Songwe au Mbeya, kata, kwa thamani kamili. Arusha na Manyara, ongeza mstari kama bei yake ni ndogo, na kwa kawaida ni ndogo. Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, usikubali ulipishwe pakubwa kwa ajili yake. Mafuriko ndiyo ya kuyaulizia zaidi huko.

Nyumba ya tope isiyo na lenta: fedha ya miaka mitano ya ada iende kwanza kwenye zege na nondo, kisha urudi kwa wakala ukiwa na picha za kazi hiyo. Zitakushushia ada pia.